Wakuu, mayai yangu ya Pasaka yanatoka bapa kama chapati. Nisaidieni

Kijana wa Segerea (mleta mada): Habari za jioni wakuu. Niko kwenye kompyuta tangu mchana natengeneza mayai ya Pasaka kwa Photoshop, yale ya rangirangi yenye maua na mistari. Nachora umbo, namwaga rangi, nabandika maua juu, lakini yai halivimbi kabisa. Wenzangu mnafanyaje mpaka linaonekana la kushikika? Naomba msaada wa haraka, Pasaka ndiyo hiyo inabisha hodi.

Mpiga Debe Mstaafu: Trei moja kwa Mangi, rangi ya chakula, siki kidogo, umemaliza. Photoshop ya nini?

Mama Wawili Mbagala: Mwanangu, Pasaka na mayai wapi na wapi? Sisi Pasaka tuliijua ni mkesha, pilau na gauni jipya la Kariakoo. Mimi mwaka mmoja gauni lilinibana, nikalivaa hivyo hivyo hadi misa ikaisha, zipu ikakatikia kwenye daladala la Mbagala. Konda alicheka huyo! Leo mnatuletea mayai na sungura.

Msomi wa Sinza: Mama, mayai si ya jana. Wakristo wa kale huko Ulaya hawakuwa wakila mayai wakati wa Kwaresima, ila kuku hawakuambiwa kama kuna mfungo, wakaendelea kutaga. Pasaka inafika, yamejaa ndani. Waorthodoksi mpaka leo wanayapaka rangi nyekundu, kwao ni damu ya Kristo.

Mama Wawili Mbagala: Na sungura naye ametaga?

Fundi Leya: Turudi kwenye mada. Dogo, kuna vitu viwili unaviruka. Cha kwanza, mapambo yako hayafuati umbo. Yai liweke kwenye leya yake, yaani tabaka lake la picha, maua leya ya juu yake, kisha Ctrl+Alt+G ili maua yabaki ndani ya yai tu. Halafu nenda Edit, Transform, Warp, uyatunishe katikati. Mistari ya kulizunguka yai usiiache imenyooka, ipinde kidogo kwa chini, maana kitu cha mviringo ukikitazama kwa juu ndivyo mistari yake inavyokaa.

Cha pili ni mwanga. Amua taa iko wapi, tuseme juu kushoto. Fungua leya mpya, iweke Multiply ili itie giza kilicho chini yake, chukua brashi laini upake kivuli chini kulia. Usikifikishe mpaka ukingoni, acha kauzi kembamba ka mwanga pembeni, hapo ndipo yai linapovimba. Kivuli cha mezani kiwe kizito pale yai linapogusa, kififie kadiri kinavyokwenda mbali. Wenye GIMP, ile programu ya picha ya bure, kuna Map Object, unabandika picha juu ya tufe kisha unairefusha.

Ila hujasema kazi ni ya nini. Kadi, simu au bango? Vipimo?

Kijana wa Segerea: Asante sana mkuu. Kazi ya kawaida tu.

Fundi Leya: Kawaida haina vipimo?

Kijana wa Segerea: Bango.

Fundi Leya: Mita ngapi? Mbona unatoa habari kwa kijiko?

Kijana wa Segerea: Sawa wakuu. Ni bango la mita 3 kwa 1, la kanisa moja huku kwetu. Mteja nilimtumia sampuli ya yai nililolikuta mtandaoni, akalipenda, akatoa nusu ya hela. Sasa anataka lile lile, na jina la kanisa lizunguke kwenye tumbo la yai. Mimi kulichora upya nashindwa, ndiyo maana niko hapa. Picha ina upana wa pikseli 1080. Ile alama ya mwenye picha nimeshaifuta, haionekani.

Mpiga Debe Mstaafu: Kumbe yai lilishatagwa na kuku wa jirani 😂😂

Fundi Leya: Mita 3 ni kama inchi 118. Gawanya 1080 kwa 118, unapata pikseli 9 kwa inchi. Bango la kutazamwa kwa mbali naliwekea angalau 70. Hilo lako litatoka vigae vya bafuni.

Msomi wa Sinza: Na hiyo alama uliyoifuta iliwekwa na mwenye mali. Tuna sheria ya hakimiliki tangu 1999. Bango la kanisa, tena la Pasaka, kwa picha ya wizi?

Kijana wa Segerea: Wizi gani mkuu, kwani yai lina mwenyewe? Huku mtaani nusu ya mabango ni picha za mtandaoni, hakuna aliyekamatwa. Halafu hela nimeshalipia kodi ya chumba, na mchapaji wa Kariakoo nimemwahidi faili kesho saa 3 asubuhi. Siwezi kurudi nyuma.

Bi Pindo: Mdogo wangu, tandika khanga ukutani uipige picha mchana, penye mwanga wa dirisha. Pindo likate, lifanye mikanda ya kuzungushia yai. Korosho za kwenye mji, ile sehemu ya katikati ya khanga, ziwe maua ya katikati. Mimi kadi zangu nafanya hivyo. Mteja akiona khanga kwenye yai atasahau hilo la mtandaoni.

Msomi wa Sinza: Michoro ya khanga nayo ina wachoraji, Bi Pindo.

Bi Pindo: Basi achore korosho yake mwenyewe. Korosho tu, jamani!

Jicho la Tatu: Samahani wakuu, mnahangaika bure. Hii ni chai. Segerea umeme umekatika tangu saa 4 asubuhi, mimi naishi huko. Huyu yuko kwenye kompyuta "tangu mchana" kwa umeme gani?

Kijana wa Segerea: Laptopu ina chaji mkuu.

Jicho la Tatu: Laptopu ya chaji saa zote hizo, na Photoshop imefunguliwa? Niuzie.

Mpiga Debe Mstaafu: Segerea ipi lakini? Kwetu huku Segerea Mwisho umeme upo, natazama mpira.

Jicho la Tatu: Kwenu mko laini ya Kinyerezi, nyie wateule.

Mama Wawili Mbagala: Mbagala umerudi saa hizi hizi. Nyama ilishaanza kunuka kwenye friji.

Fundi Leya: Chai au si chai, maswali ya kivuli ni ya kweli. Dogo, khanga unayo?

Kijana wa Segerea: Ipo ya mke wangu, ina korosho kubwa. Nikiipiga sasa hivi kwa flashi?

Bi Pindo: Flashi itaacha doa jeupe katikati. Amka saa 12, mwanga unatosha, saa 3 utakuwa umemaliza.

Jicho la Tatu: Mke? Mwezi uliopita ulikuwa jukwaa la mahusiano unatafuta mchumba, "awe mcha Mungu, asiwe na makuu".

Kijana wa Segerea: Khanga ni ya mama mwenye nyumba. Fundi, huo mkanda wa pindo nao naupinda kwa Warp au kuna njia nyingine?