Je, Shylock alitendewa haki mbele ya mahakama ya Venisi?

Mleta mada: Ndugu zangu, katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, Shylock, mkopeshaji wa Kiyahudi, anamkopesha Antonio dukati 3,000 kwa miezi mitatu bila riba, kwa sharti kwamba akishindwa kulipa atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Muda ulipopita, Shylock alikataa kulipwa hata mara mbili ya fedha zake. Aliyeng'ang'ania maneno ya hati ameshindwa kwa maneno hayohayo, kwa kuwa hati ilitaja nyama na haikutaja damu. Naona haki ilitendeka. Anayepinga alete hoja.

Mchangiaji: Ndugu mleta mada, nakubali kwamba Shylock alitaka kuua na ilipasa azuiwe. Riba tuiweke kando, maana hakushtakiwa kwa riba, na Uingereza yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1571, ilivumilia riba isiyozidi asilimia 10. Baba yake Shakespeare alikuwa ameshtakiwa kwa kosa hilo mwaka 1570.

Tatizo langu ni namna shauri lilivyoendeshwa. Portia, aliyejifanya mwanasheria wa kiume, ni mke wa Bassanio, ambaye mkopo ulichukuliwa kwa ajili yake. Mwenye maslahi makubwa namna hiyo hastahili kuamua shauri, hata awe na hekima kiasi gani. Tena yeye mwenyewe alitangulia kutamka kwamba sheria ya Venisi haiwezi kumpinga mdai. Kama mkataba wa kumtoa mtu uhai ni batili, nami naamini ni batili, ingetamkwa hivyo tangu mwanzo, mdai akarudishiwa dukati zake na shauri likaisha. Badala yake aliachwa anoe kisu, kisha akanyimwa hata fedha alizokopesha.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba aliyekuja kudai aligeuzwa mshtakiwa kwa sheria inayomlenga mgeni anayetafuta roho ya raia, ingawa Shylock anaishi na kufanya biashara papo hapo Venisi. Anasamehewa kifo, lakini nusu ya mali yake inawekwa mikononi mwa Antonio, na Antonio huyohuyo anadai abatizwe. Ikiwa hati isiyotaja damu haiwezi kumpa mdai damu, ni kifungu gani cha hati hiyo kilichompa mdaiwa mamlaka juu ya dini ya mdai wake?