Mjadala: OCaml ichague maktaba moja, nyingine zife?

Mleta mada: Wakuu, lugha ya programu ya OCaml ina Stdlib, maktaba inayokuja na kompaila, halafu kuna Base na Core za kampuni ya Jane Street. Kwenye kazi za mtandao, za kusubiri mambo mengi kwa pamoja, kuna maktaba za Lwt, Async na sasa Eio. Mgeni anazunguka siku nzima akichagua kabla hajaandika mstari mmoja. Ichaguliwe moja, basi.

Nyundo: Mkuu, Base haikuletwa na ubishi. List.map ya Stdlib, ile ya kubadilisha kila kitu kwenye orodha, ilikuwa ikimaliza steki (kumbukumbu ya miito ya programu) ukiipa orodha ndefu sana; imerekebishwa toleo la 5.1, mwaka 2023. Moduli ya Option, ya thamani inayoweza kuwepo au kukosekana, nayo imekuja 4.08, mwaka 2019. Watu walikuwa na kazi mezani, wakajitengenezea.

Mleta mada: Kasoro zimezibwa, mpasuko umebaki. Weka `open Base` juu ya faili, kisha linganisha majina mawili kwa `=`. Kompaila inakataa: hii ni string, nilitarajia int. Base imeiachia alama hiyo namba kamili tu. Kwa maneno utumie String.equal. Na `List.map f xs` lazima uigeuze `List.map xs ~f`.

Mama Seva: Hayo madogo, mstari wenye kosa unaonyeshwa. Ugonjwa ni Lwt na Async: kila moja inaendesha foleni yake ya kazi, na ahadi ya jibu ya Lwt (Lwt.t) haipokelewi panapotakiwa ya Async (Deferred.t). Ndiyo maana cohttp, maktaba ya HTTP, ina vifurushi vya cohttp-lwt-unix, cohttp-async na cohttp-eio.

Dawa iko kwa anayeandika maktaba. Sehemu ya kuchambua baiti iwe kifurushi peke yake: inapokea baiti, inarudisha ujumbe, haiijui soketi (mlango wa mtandao). Httpaf, maktaba nyingine ya HTTP, imejengwa hivyo. Sehemu ya Lwt iwe kifurushi cha pili, chembamba. Usiiweke Lwt kwenye depopts, orodha ya vitegemezi vya hiari; mtu akija kuisakinisha baadaye, opam (kisakinishi cha vifurushi vya OCaml) itaijenga upya maktaba yako na kila kinachoitegemea.

Mleta mada: Sawa dada, ila hapo umeongeza vifurushi, hujapunguza. Si bora wote tuhamie Eio? Lwt_eio, daraja kati ya Lwt na Eio, ipo, unahama faili kwa faili huku msimbo wa zamani ukiendelea kutembea.

Nyundo: Eio inadai OCaml 5. Wenye seva zilizobaki 4.14 unawachagulia ipi?