Tupeane uzoefu: kazi za sulubu na maradhi ya moyo

Mleta mada, Langoni:
Asalaam aleikum. Kwa miaka 11 nimekuwa hamali kwenye gati ya Lamu, nikishusha mawe yanayoletwa kwa mashua kutoka machimbo ya Manda Maweni, na muda wote huo niliamini kwamba mtu anayetokwa na jasho namna hii hawezi kuugua moyo. Mwezi uliopita nilipanda ngazi za nyumbani mikono mitupu, kifua kikanibana, na nilipopimwa presha ilikuwa 170/104. Nilielezwa kwamba anayekimbia nusu saa kisha akapumzika huupa moyo nafasi ya kutulia, ilhali sisi tunabana pumzi kila tunaponyanyua jiwe, presha inapanda papo hapo, na kabla haijashuka sawasawa tumeshainamia jingine. Wenzangu, yamewafika yapi?

Mchangiaji, Manda Maweni:
Pole sana, ndugu yangu. Mimi ni mchimba mawe. Adhuhuri moja niliketi chini ya makuti, nikaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo: baada ya robo saa ya kupumzika yalikuwa bado 116 kwa dakika. Shimoni hakuna upepo, maji tunayanunua kwa madumu kwa hivyo tunayanywa kwa kuyaonea huruma, na mwili ukipungukiwa maji moyo hulazimika kwenda mbio zaidi. Lakini tusiisingizie sururu peke yake. Sigara na miraa tunazotumia ili tusisikie uchovu nazo hupandisha presha.

Mchangiaji, Mkomani:
Babangu alikuwa baharia, akafa ghafla akiwa na miaka 54, na hadi leo watu hushangaa kwa kuwa alikuwa na nguvu. Utafiti wa Copenhagen, Denmark, uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia watu zaidi ya 104,000, ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi wakati wa mapumziko walipata maradhi ya moyo kwa uchache, na waliofanya kazi nzito walipata kwa wingi, hata baada ya kuzingatiwa sigara na kipato. Hata hivyo si kila kazi ya mwili hudhuru: mwaka 1953, mtafiti Jerry Morris alionyesha kwamba makondakta wa London, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa, waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kitako. Kondakta, lakini, hakubeba jiwe begani.

Mleta mada:
Ahsanteni. Nimeanza dawa, na nimeambiwa nitoe pumzi ninaponyanyua na nipumzike mara kwa mara. Tatizo ni kwamba tunalipwa kwa kila jiwe. Jana nilipumzika mara nne, nikarudi nyumbani na pungufu ya shilingi mia mbili. Kuna aliyewahi kukubaliana na mwenye mashua alipwe kwa siku?