Fundi parke kanitukana mbele ya mama mkwe!!

Wakuu, hapa natetemeka. Simtaji, mnamjua wote, yule anayejiita daktari wa sakafu. Nimemlipa hela ya parke, sakafu ya vipande vya mbao, tena ya mninga. MNINGA! Kanibandikia karatasi. Nimebandua kipande pale mlangoni: juu picha ya mbao, chini unga wa mbao ulioshindiliwa. Fundo la mti ni lile lile, linajirudia sebule nzima. Tena kakaza mpaka ukutani bila kuacha upenyo, unyevu ukaingia, sakafu ikanyanyuka. Sasa kwenda jikoni napanda mlima Kitonga.

Leo kaja, kaangalia, kasema: "Dada, kwani kwenu mlikulia sakafu gani?" Mama mkwe kakaa pale pale! Na akacheka. Mama mkwe KACHEKA.

— Kwani mlikulia sakafu gani? Tuanzie hapo 😂

— Saruji nyekundu ya kupiga nta, na haikuvimba hata siku moja! Mbele ya mama mkwe jamani.

— Parke halisi ni mbao tupu. Ikichakaa unapiga msasa, unapaka vanishi, inarudi mpya. Hiyo yako ukipiga msasa umefuta picha. Hata kasri la Versailles, Ufaransa, miaka ya 1680 waling'oa marumaru wakaweka parke, maana maji ya kudekia yalikuwa yanaozesha mihimili.

— Mkuu, Versailles na Kimara wapi na wapi?

— Parke ni ya Boston Celtics tu, timu ya kikapu ya Marekani. Ile ya kwanza iliundwa 1946 kwa vipande vya mwaloni, mbao zilikuwa adimu baada ya vita. Imedundiwa mpira mpaka 1999. Ya dada imeshindwa na chai.

— Pole dada. Huku Lubumbashi bakikuita ku parke, haiko sakafu, ni kwa mwendesha mashtaka. Unaenda na avoka, ni wakili.

— Basi huyo fundi apelekwe parke ya Lubumbashi!

— Nyie mnalia na sakafu? Mimi fundi jipsamu wa dari kaniachia tundu la feni juu ya kitanda. Feni sina.

— Wangu kaweka taa ndani ya kabati.

— Jamani, mama mkwe alicheka!

— Tumesikia dada. Wewe wa tundu, huyo fundi jipsamu anachaji bei gani?