Mkuu wa shule asomee uongozi kabla ya kukalia kiti, au kiti ndicho kimfundishe?

Chaki Nyeupe
Habari zenu walimu na wazazi. Naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Nina mwaka wa nne nikiwa makamu mkuu wa shule, na nimedokezwa kwamba kiti kitakuwa wazi, nijiandae. Najiuliza: nijiandae kwa lipi? Ualimu nimesomea, somo langu nalijua. Lakini hakuna aliyewahi kunikalisha chini akanifundisha kusoma bajeti, au kumwambia mwalimu mwenzangu kwamba somo lake halieleweki, au kumpokea mzazi aliyefika mlangoni akiwa amefura hasira. Karibu wakuu wote niliofanya nao kazi walipandishwa kwa sababu walifaulisha. Kufaulisha watoto arobaini ni kazi moja, kuongoza watu wazima arobaini ni kazi nyingine kabisa.

Msimamo wangu: asiyepata mafunzo ya uongozi asikabidhiwe shule. Singapore mtu anayeandaliwa kuwa mkuu anaondolewa kazini miezi kadhaa, anasoma muda wote, ndipo anapewa shule. Sisi tunamkabidhi mtu funguo Ijumaa, Jumatatu anaitwa mkuu.

Na niseme mapema, sitaki kuwa wa kujifungia ofisini. Mkuu asiyeingia darasani ni karani tu.

Mzee Kengele
Mwanangu, nimeongoza shule miaka 31. Kumi na miwili ya mwisho sikushika chaki. Kwa hiyo nilikuwa karani? Usiku ambao upepo uliezua paa la bweni, watoto mia mbili wakiwa wamesimama uwanjani na mablanketi, hakuna aliyeniuliza kama nimefundisha kipindi cha tatu. Walitaka kujua walale wapi. Nilijua cha kuwajibu kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwenye shule nzima, si kwenye darasa moja. Ukikaa kwenye kiti hicho utanikumbuka.

Hesabu Kichwani
Shikamoo mzee. Naheshimu miaka yako, lakini hapa sikubaliani nawe. Tazama jina lenyewe: mwalimu mkuu. Neno la kwanza ni mwalimu, ukuu umekuja nyuma yake. Tulipoanza kusema "mkuu wa shule" tukamwondoa mwalimu kwenye jina, na baadaye tukamwondoa kwenye ratiba. Finland wakuu wengi bado wana vipindi vyao kila wiki. Ufaransa mkuu wa shule ya msingi kwa kawaida ni mwalimu mwenye darasa, anapunguziwa vipindi kulingana na ukubwa wa shule. Atakaguaje somo mtu ambaye mara ya mwisho kufundisha ni kabla mtaala haujabadilika?

Mzee Kengele
Ufaransa hiyohiyo, mkuu wa sekondari hafundishi. Mbona hilo umeliacha?

Hesabu Kichwani
Sikuliacha kwa hila, mzee. Nilikuwa nazungumzia msingi. Na mimi nasema hata wa sekondari afundishe.

Mama Tatu
Mimi ni mzazi, nina watoto watatu shuleni. Mnabishania vipindi. Ninachotaka ni mkuu anayemjua mwanangu kwa jina, na akiniita ofisini asiwe ananisomea faili. Huyo wa sasa nimekutana naye mara nne, na mara zote nne amenihoji mimi ni mzazi wa nani. Kuna kozi ya hilo?

Daftari Jekundu
Niliwahi kusoma utafiti wa Marekani, watafiti waliandamana na wakuu wa shule siku nzima wakiandika kila wanachofanya. Nakumbuka waligundua kwamba mkuu kuzunguka madarasani hakusaidii, tena kunaharibu. Kama ni kweli basi hoja ya "aingie darasani" inahitaji kuangaliwa upya.

Mzee Kengele
Haya. Mmesikia.

Mkufunzi
Ngoja niuweke sawa, maana utafiti huo nautumia kazini kwangu. Ni wa Grissom, Loeb na Master, ulitoka 2013, ulifanyika Miami. Walifuatilia wakuu wapatao 100 kwa miaka 3 ya masomo. Muda wote uliohusu ufundishaji ulikuwa asilimia 12.7 tu, na kazi iliyokula zaidi muda huo ilikuwa ni hiyo ya kupitapita madarasani. Mahali ambapo mkuu alipitapita sana, maendeleo ya wanafunzi yalikuwa hafifu, hasa sekondari. Lakini mkuu alipotumia muda kukaa na mwalimu na kumwelekeza, mambo yalikuwa kinyume chake, wanafunzi walisonga. Maelezo ya watafiti ni kwamba wakuu wengi walipita bila mpango, walichokiona huko hawakukifanyia kazi. Kwa hiyo mzee, utafiti huo haukupi ruhusa ya kubaki ofisini.

Mzee Kengele
Sikuomba ruhusa. Nimestaafu.

Daftari Jekundu
Basi niseme nililoliona mwenyewe, kwa sababu hilo la kupita na la kukaa nimefanyiwa yote mawili. Mwaka wangu wa kwanza mkuu alikuwa anafungua mlango, anasimama dakika mbili mikono nyuma, anaondoka. Watoto wote wananyamaza, mimi nasahau nilikuwa nasema nini. Jioni nakuta karatasi kwenye meza: "Boresha usimamizi wa darasa." Basi. Nilikuwa nalia chooni.

Akaja mwingine. Huyo aliniuliza kwanza ni kipindi gani kinachonisumbua. Nikamtajia cha sita, baada ya mapumziko. Akaja kabla ya kengele, akakaa dawati la nyuma kabisa na kidaftari chake, akakaa dakika zote arobaini. Baadaye hakunisomea makosa. Alifungua kidaftari, alikuwa amechora madawati yote na kuweka alama kila mtoto aliyeulizwa swali. Alama zote zilikuwa upande wa kulia. Akaniuliza swali moja: "Huyu wa dirishani, ulimwona?" Sikumwona. Nilikuwa nimefundisha nusu ya darasa muhula mzima bila kujua. Akasema atarudi wiki mbili baadaye, na alirudi. Simjui mtu aliyenifundisha ualimu kuliko yule, na hakuwahi kufundisha hata kipindi kimoja shuleni kwetu.

Kipindi cha Saba
Hapo ndipo penyewe. Na huyo alijifunzia wapi kuchora madawati?

Daftari Jekundu
Nilimuuliza. Alifanyiwa hivyo na mkuu wake wa zamani.

Karani wa Shule
Nimekaa kimya nikisoma, sasa nimeshindwa. Kuna mtu kaandika "karani tu", na watu wazima mmebishana kutwa nzima nani si karani, kana kwamba ni ugonjwa. Mimi ni karani. Nina miaka kumi na tisa katika ofisi ya shule, nimepokea wakuu watano. Mnauliza mkuu afundishwe wapi? Watatu kati ya hao watano nimewafundisha mimi.

Mmoja alikuwa mwalimu wa fizikia anayesifika kila mahali. Siku ya kwanza amekaa kitini, mbele yake kuna mafungu ya funguo yasiyo na alama, muhuri, kitabu cha hundi na faili la madeni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hapa nasaini wapi?" Nilifunga mlango nikavuta kiti. Tulitoka saa moja usiku. Nilimwonyesha hati ya malipo: hapa idadi, hapa bei, hapa sahihi ya aliyepokea vitu. Nikamwambia, hii ya mwisho ndiyo uitazame kwanza, maana vifaa hewa hupitia hapo. Nenda stoo, hesabu, ndipo usaini. Hakuona aibu kufundishwa na mimi, na alikuja kuwa mkuu mzuri kupita wote.

Aliyemfuata hakuuliza kitu. Alisaini kila kilicholetwa mezani. Wakaguzi walipokuja, miezi minane baadaye, mikono ilikuwa inamtetemeka. Hakuwa mwizi yule. Alikuwa hajui, na hakuna aliyemwambia kwamba kutojua kunaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Kwa hiyo mkilitaja neno karani, litajeni kwa adabu.

Chaki Nyeupe
Dada, au kaka, samahani. Nilikosea, na neno "tu" nalifuta mbele ya wote. Hilo la kutazama sahihi ya mpokeaji kwanza nimeliandika.

Karani wa Shule
Ni dada. Yamekwisha.

Kipindi cha Saba
Turudi kwenye mafunzo ya uongozi. Mwanzisha mada anataka yawe lazima. Uingereza si walishafanya hivyo? Nasikia huko hupati ukuu bila cheti cha uongozi.

Mkufunzi
Ilikuwa hivyo kwa muda. England waliweka sharti kamili mwaka 2009, kila anayeshika ukuu mara ya kwanza awe na cheti hicho. Mwaka 2012 sharti likaondolewa. Cheti bado kipo, anayetaka anasoma.

Kipindi cha Saba
Wewe ni mkufunzi, kwa hiyo nikuulize bila kuzunguka. Wakuu wetu wako semina kila mara. Wanarudi na mkoba mpya na posho, shule imebaki kwa makamu. Nimemaliza miaka tisa sijaona hata mmoja aliyerudi akafanya jambo tofauti. Nyie mnaofundisha mnaishi kwa kazi hiyo, ndiyo maana mnaitetea.

Mkufunzi
Umenigusa pabaya. Naishi kwa kazi hiyo, ndiyo. Nimefundisha shule miaka kumi na minne kabla yake, na niliingia huku kwa sababu niliona wakuu wanaachwa peke yao. Usinihukumu kwa mkoba wa mtu mwingine.

Lakini nitakujibu kweli. Siku tatu ukumbini hazimbadilishi mtu. Nasimama mbele ya wakuu sitini, wananukuu, wanapiga picha ubao, wanaondoka. Hakuna anayetupa nauli ya kwenda kuwatazama shuleni kwao. Kinachofanya kazi ninakijua, kwa sababu kimeandikwa. Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake mwaka 2008 walikusanya tafiti 27 za uongozi wa shule na matokeo ya wanafunzi. Jambo lililoonekana na nguvu kupita mengine yote ni mkuu kujifunza pamoja na walimu wake, akikaa nao kwenye mafunzo yaleyale. Kuwaruhusu waende wao hakutoshi. Lilikuwa na nguvu karibu mara mbili ya lililofuata. Sasa niambie ni semina ngapi umeona mkuu na walimu wake wamekaa meza moja.

Kipindi cha Saba
Sijaona hata moja. Na la mkoba nilivuka mpaka, nisamehe.

Mama Tatu
Jamani, na watoto? Hayo mafunzo ya wakuu yakiwepo, mtoto anapata nini?

Mkufunzi
Mama, upo mfano mkubwa. Taasisi ya Wallace iligharamia wilaya 6 kubwa za Marekani kuanzia 2011, New York ikiwemo. Hawakutoa semina tu. Waliandika kwanza mkuu mzuri ni yupi, wakachagua watu mapema, wakawaandaa, na walipowapa shule wakawawekea mlezi wa kuwashika mkono miaka ya mwanzo. Taasisi ya utafiti ya RAND ikapima, ripoti ikatoka 2019. Baada ya miaka 3 au zaidi, shule zilizopata wakuu wapya kwa njia hiyo zilizidi shule za kulinganishwa nazo kwa pointi 6.22 kwenye kusoma na 2.87 kwenye hesabu. Gharama ilikuwa chini ya nusu ya asilimia 1 ya bajeti ya wilaya.

Hesabu Kichwani
Tusimpotoshe mama. Hizo pointi si alama za mtihani. Ni nafasi. Zipange shule 100 kwa ubora: iliyokuwa katikati, ya 50, inapanda mpaka karibu ya 44 kwenye kusoma. Kwa kitu kisichogusa mtaala wala mshahara wa mwalimu, ni kupanda kukubwa. Kwenye hesabu ni kudogo, na ndiyo maana nasema mkuu afundishe.

Mzee Kengele
Nimesoma yote. Nilikuja na hasira, sasa naona tunazungumzia jambo ambalo lilinipata, ila halikuwa na jina. Wiki yangu ya kwanza, mkuu wa shule jirani alikuja bila kuitwa. Mzee wa makamo, mkali. Akakaa pembeni ya meza yangu asubuhi mpaka jioni, siku tatu mfululizo, shule yake ameiacha. Mwalimu akiingia na shida, yeye ananyamaza, akitoka ananiuliza, "Kwa nini umemjibu haraka hivyo?" Sijui kwa nini nilidhani kwamba nilijifunza mwenyewe. Sikujifunza mwenyewe. Chaki Nyeupe, cheti chukua ukikipata. Lakini kabla ya kukubali hicho kiti, omba upewe mtu. Mtaje kwa jina, usingoje wakuchagulie.

Chaki Nyeupe
Mzee, nimekuelewa, na huyo mtu nadhani ninamjua. Nilianza nikidai kozi, sasa naona nitakachokwenda kukiomba ofisini ni mtu wa kukaa pembeni ya meza.

Hesabu Kichwani
Vizuri. Lakini swali langu hakuna aliyelijibu. Utafundisha au hutafundisha?

Chaki Nyeupe
Nitafundisha. Vipindi vinne kwa wiki, darasa la kuanzia, vyote vya asubuhi kabla wageni hawajaanza kufika.

Karani wa Shule
Asubuhi ndipo wazazi wanapokuja, wakiwahi kazini. Saa mbili kamili wameshajaa kwenye benchi. Viweke baada ya mapumziko, mlango wa ofisi nitaushika mimi.