Naomba ushauri: "kufubaza" sigara, inakubalika?

Wakuu, habari zenu. Naandaa makala ya klabu ya afya shuleni kuhusu Australia, ambako tangu 2012 sigara zinauzwa kwenye pakiti za rangi moja ya kahawia iliyopooza, bila nembo, zenye picha za magonjwa. Lengo ni kuiondolea sigara ule ujiko wake kwa vijana. Nimeandika "kufubaza sigara", mwenzangu kagoma: eti kufubaza ni kwa virusi tu, zile dawa za VVU. Kwani bati jipya halifubai? "Kuchujua" naona ni ya kanga inayotoa rangi kwenye beseni. "Kupunguza mvuto" ni sahihi ila kumepoa mno kwa kichwa cha habari. Nikiandika "kufubaza ujiko wa sigara" nitaeleweka, au kuna neno zuri zaidi?