Tumelipa Sh7,500 kutembezwa Nairobi ya kale, Mwafrika hakutajwa ila kama mtumishi

Wadau, hasira hii ninayo tangu Jumamosi. Nilitaka kunyamaza, lakini jibu waliloniandikia jana jioni limenipandisha mori upya, kwa hivyo nasema.

Kuna kampuni moja inayotembeza watu kwa miguu katikati ya jiji. Jina siliweki hapa, na kwa nilivyosikia si wao peke yao. Tangazo lao lilisema tutapewa historia ya Nairobi ya kikoloni kwa muda wa saa tatu, tuingie majengo matano, kila mtu Sh2,500. Nikalipia watu watatu: mimi, binti yangu wa miaka 12, na mjomba wangu ambaye ana miaka 81 na alikuwa ameteremka kutoka Othaya kuja kliniki.

Mjomba ndiye sababu ya haya yote. Baba yake, yaani guka (babu) wetu, alifanya kazi kwenye shamba la mzungu, na kama mwanamume yeyote Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 enzi hizo, alilazimika kutembea na kipande. Karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la tajiri wake na mshahara wake, imefungiwa ndani ya kikopo cha bati, inaning'inia shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Karatasi ilishaoza zamani lakini kikopo mjomba bado anacho. Jumamosi alikuja nacho kwenye mfuko wa koti, kimefungwa kwa leso. Alitaka kitu kimoja tu, kusimama mbele ya Kipande House nacho mkononi, mjukuu wake akiona.

Tulianzia kwenye ile iliyokuwa ofisi ya PC, mkuu wa mkoa, kwenye kona ya Uhuru Highway, ambayo sasa ni Nairobi Gallery. Hapo sina neno. Kijana aliyetuongoza alieleza vizuri kwamba jengo ni la 1913, kwamba hapo ndipo vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa, na kwamba umbali wa kwenda miji mingine ulipimwa kuanzia hapo. Alieleza vizuri, lakini akiwa nje. Ndani hatukuingia. Akasema tutaingia "yale mengine".

Tukashika Kenyatta Avenue. Akatuambia zamani iliitwa Delamere Avenue, na kwamba ilifanywa pana hivyo ili magari ya kukokotwa na ng'ombe yaweze kugeuka. Sawa. Kisha akaanza habari za Lord Delamere, yule mlowezi Mwingereza, na hakumaliza. Mashamba yake, farasi wake, vituko vyake hotelini. Akasema sanamu yake ilikuwa barabara hii hii lakini baada ya uhuru "kwa bahati mbaya" ikaondolewa. Nilidhani sikusikia vizuri, nikamuuliza bahati mbaya ya nani. Akacheka, akaendelea kutembea.

Tulipofika kona ya Loita Street nikaona mjomba amesimama, anapapasa mfuko wa koti. Jengo lenyewe hilo, la mawe, na lenyewe ni la 1913, na mnara wake juu. Kijana akapita. Hakupunguza hata mwendo. Nikamwita, nikamwambia tafadhali, hii ni Kipande House, tusimame kidogo. Wadau, alijibu hivi, na maneno nayakumbuka yote: "Hiyo siku hizi ni benki tu, mama. Haiko kwa ratiba."

Benki tu! Hapo ndipo watu walipopangwa foleni wakapakwa wino vidoleni kama wezi, kwa sababu tu wamekuja mjini kutafuta kazi. Sheria ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita kwisha, na tangu hapo ukikamatwa njiani bila kile kikopo unalipa faini au unafungwa. Ukigombana na tajiri naye akatae kutia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kuandikwa kazi kwingine, na ukitoroka alama za vidole zinakufuata. Hiki ndicho kilichomtia barabarani Harry Thuku, yule mwanaharakati aliyepinga ukoloni. Ukitaka kumweleza mgeni ukoloni ulifanyaje kazi mjini Nairobi, na una jengo moja tu la kumwonyesha, ni hilo. Kijana alilipita kama kibanda cha kuuzia sigara.

Basi mjomba akamweleza binti yangu yeye mwenyewe, palepale kando ya barabara, magari yakipiga honi. Akafungua leso, akamwekea kikopo kiganjani, akamwambia guka alilala nacho. Kulikuwa na mtu na mkewe kutoka Ujerumani katika kundi letu, wakarudi nyuma kusikiliza, na mimi nikawa natafsiri. Dakika tano, labda sita. Kijana akapiga makofi kutoka mbele kama anayekimbiza kuku: "Twendeni, twendeni, muda!" Akimwambia hivyo mzee wa miaka 81.

Mwanzoni nilitaka kumsamehe, kwa maana ni wazi amekaririshwa. Hayo maneno hakuyatunga yeye. Waliomtungia ndio ninaowalaumu, na ndio waliochukua pesa. Lakini kuna heshima ambayo mtu haihitaji kufundishwa kazini.

Kwenye sanamu za wale watatu wa shaba tulikaa chini ya dakika moja. "Askari wa kikoloni, mnaweza kupiga picha." Basi. Sanamu hizo ziliwekwa 1928 kuwakumbuka Waafrika waliokwenda Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Kariokor, pale watu wanapokula nyama choma kila wikendi, jina limetokana na hicho kikosi cha wapagazi. Binti yangu alikuwa ameanza kuyasoma yale ya Kiswahili kwa sauti. Hakuachwa amalize.

Mbele ya hoteli ya Stanley, hapo sasa ulimi ukafunguka. Mti wa mgunga ambapo wasafiri waliachiana barua, wawindaji, mavazi. Akanyoosha mkono upande wa chuo kikuu akasema kule kuna hoteli ya Norfolk, ilifunguliwa 1904, na Roosevelt alifikia hapo 1909 alipokuja kuwinda. Ni kweli. Nikamwomba atuambie basi na yaliyotokea nje ya hoteli hiyohiyo tarehe 16 Machi 1922. Akanitazama tu. Nikataja jina: Nyanjiru. Hamjui.

Mwongozaji wa historia ya Nairobi hamjui Mary Muthoni Nyanjiru. Umati ulikuwa umekusanyika nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku aachiliwe, wanaume wameanza kuyumba, na huyo mama akapandisha nguo yake juu, akawaambia wanaume wavue suruali wampe yeye. Polisi wakafyatua risasi. Naye ni miongoni mwa waliokufa kwanza. Serikali yenyewe ilikubali watu 21, wengine wanasema walikuwa wengi zaidi, na inasimuliwa kwamba walowezi waliokuwa barazani Norfolk nao walipiga. Nilipomweleza hayo kijana akaniambia kwa upole kabisa kwamba wageni hawaji likizo kusikia habari za vifo. Yule Mjerumani akamjibu yeye amekuja kwa hayo hasa.

Hatua chache kutoka pale Stanley amesimama Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, bunduki mkononi, sanamu iliyozinduliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe gereza la Kamiti. Hatukupelekwa.

Maktaba ya McMillan tuliiona tukiwa kwenye ngazi, kati ya wale simba wawili. Tukaambiwa ni "zawadi kwa watu wa Nairobi" kutoka kwa mjane wa McMillan, ikafunguliwa 1931. Mjomba akauliza, "Watu gani?" Hakujibiwa. Nami najibu hapa: Wazungu. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma kitabu mle hadi ukoloni ulipokuwa unafunga virago. Hilo ni sentensi moja. Lingewagharimu nini kulisema?

Wahindi nao hawakuwahi kuishi Nairobi, kwa mujibu wa matembezi haya. Biashara Street, iliyokuwa Bazaar Street, haikutajwa. Bustani ya Jevanjee haikutajwa. Jengo la Nyaraka za Taifa, lililojengwa 1906 likiwa la Bank of India, tulilionyeshwa kwa kidole toka ng'ambo.

Na jengo pekee tuliloingia, wadau, lilikuwa duka la vinyago. Dakika 25 dukani! Nilizipima. Matembezi yote tukihesabu na duka yalikuwa saa moja na dakika 20, badala ya saa tatu.

Niliwaandikia Jumapili, nikaeleza yote kwa adabu, nikaomba nirudishiwe nusu. Wamenijibu kwamba matembezi "yalifanyika kama yalivyopangwa", na kwamba hadithi zao zimechaguliwa kwa kuwa wateja wengi huzifurahia. Pesa hawarudishi. Kuhusu mzee kupigiwa makofi, hakuna neno hata moja.

Tafadhali msiniambie "ungeuliza kabla". Tangazo lilisema historia, mimi nikalipia historia. Na msiniambie ni biashara tu. Mgeni akirudi kwao akaamini mji huu ulijengwa na mabwana watano na farasi wao, huo ni uongo ambao Mkenya ameuuza, tena kwa bei ghali.

NYONGEZA, saa mbili usiku: Wengi mnaniuliza jina la kampuni faraghani. Sitatoa, nina shauri langu nao bado. Lakini mjomba amekubali kubaki mjini wiki moja zaidi. Jumamosi hii saa nne asubuhi tutakuwa nje ya Nairobi Gallery, yeye, mimi na binti yangu, na tutatembea njia ileile polepole kwa mwendo wa mzee. Hakuna malipo. Atakayekuja avae viatu vya kutembea. Na kama kwenu kuna kikopo cha kipande kimefichwa sandukuni, hata kama kimeliwa na kutu, njoo nacho. Mjomba anasema hajawahi kuona kingine tangu baba yake afariki.